Amerudi kutoka Somalia, masikio yanavuma na usingizi hana: aanzie wapi?

Nyambura_Nkr: Wakuu, shemeji yangu wa KDF (jeshi la Kenya) alikuwa Somalia enzi za ATMIS, ile misheni ya Umoja wa Afrika, gari lao likakanyaga bomu. Hana kovu. Lakini televisheni anaifungulia mpaka majirani wanasikia, usiku anashtuka, na gurudumu likipasuka barabarani analala chini. Anakaribia kustaafu. Aanze na nini?

Tabibu07: Masikio kwanza, maana hayo yanapimika. Aombe kipimo cha usikivu chenye grafu, kinachofika hezi 8,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Milipuko hula kwanza sauti za karibu na hezi 4,000, ndiyo maana anasikia unaongea ila maneno hayashiki, hasa ya watoto. Kile cha kunong'onezewa nyuma ya mgongo anaweza kukifaulu na tatizo libaki palepale. Asipimwe akitoka renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, siku hiyohiyo. Apumzishe masikio angalau saa 14.

Aseme pia alikuwa akimeza dawa gani ya kukinga malaria. Ikiwa ni mefloquine, ile ya mara moja kwa wiki, kizunguzungu, masikio kuvuma na ndoto mbaya vinaweza kutokana nayo. Marekani iliiwekea onyo kali mwaka 2013.

Sajini_Mstaafu: Karatasi, dada. Akishavua sare, kudai kwamba ugonjwa ulitokana na kazi ni kupanda mlima. Sasa hivi aandikishe kwenye faili lake la matibabu tarehe, mahali, aliketi upande gani wa gari, kama alizimia na kwa muda gani, na nani alishuhudia. "Maumivu ya kichwa" peke yake haisaidii kitu. Daktari aandike kuwa yalianza baada ya mlipuko. Abaki na nakala. Wengi hunyamaza wasije wakanyimwa zamu nyingine, kisha faili linaandikwa "mzima".

Nyambura_Nkr: Asanteni. Na usingizi? Kuna anayemshauri atumie Valium.

Tabibu07: Hapana. Valium inamzoesha haraka na kiwewe chenyewe haikitibu. Dalili zikipita mwezi mmoja, amwone daktari wa akili. Tiba ya mazungumzo ya kulirudia tukio hatua kwa hatua huchukua vikao 8 hadi 15. Akiandikiwa sertraline, dawa ya sonona na kiwewe, nafuu huja baada ya wiki 4 hadi 6. Wengi huiacha wiki ya pili wakidhani ni feki. Na pombe ya kutafutia usingizi humwamsha saa tisa usiku, ndoto zikiwa mbaya zaidi.