Vidole vya mtoto vimekunjwa na kovu la moto: ngozi itoke kinenani au pajani?

binti_pangani: Wakuu, habari za jioni. Mtoto wa kaka, miaka 4, aliungua kiganja cha kulia kwenye jiko la mkaa. Kidonda kimefunga miezi minane sasa, ila vidole vitatu vya mwisho vimejikunja hadi kugusa kiganja. Daktari anataka kukata kovu na kupandikiza ngozi ya kinenani. Kuna ndugu aliwekewa ya pajani. Tofauti ni nini? Na mbona wengine vidole hurudi kujikunja?

nesi_wa_thieta: Dada, ya pajani hukwanguliwa nyembamba. Hushika upesi, na paja hupona lenyewe kwa wiki mbili hivi, lakini hujikunyata sana. Kiganjani kwa mtoto ni hasara. Ya kinenani hukatwa unene wote, pale inapotoka panashonwa, na haijikunyati kiasi hicho. Mwombeni daktari aitoe upande wa nje, karibu na nyonga. Ikitoka karibu na sehemu za siri, mtoto akibalehe kiganja kitaota nywele! Mjue pia itakuwa nyeusi kuliko kiganja. Pengo likiwa dogo, ngozi ya upinde wa unyayo hufanana zaidi.

Msichelewe, viungo vinakua vikiwa vimekunjwa.

fizio_tanga: Naongezea. Ngozi iliyopandikizwa haina mshipa wake wa damu. Saa 48 za kwanza inaishi kwa majimaji ya kidonda, kisha mishipa midogo inaanza kuungana. Damu ikivilia chini yake, au ngozi ikiteleza kidogo tu, inakufa. Ndiyo maana hushonewa kifurushi cha pamba juu yake na vidole huchomekwa waya za chuma ili vibaki vimenyooka kwa wiki 2 hadi 3. Bandeji hufunguliwa hospitali, kwa kawaida siku ya 5 hadi 7. Nyumbani msiiguse hata akilia kwamba inawasha. Ila ncha za vidole ziangalieni: zikiwa baridi, nyeupe au za bluu, rudini usiku huohuo.

Daktari akiacha kidole hakijanyooka kabisa, msidhani amelipua. Mishipa ya damu nayo imefupika. Ukiivuta yote kwa siku moja, kidole kinakosa damu.

Kurudi kujikunja ni suala la banzi, yaani kifaa kigumu kinachofungwa mkononi ili vidole vikae vimenyooka. Kovu hukaza kwa miezi mingi baada ya ngozi kushika. Waya zikitoka, banzi livaliwe mchana na usiku, livuliwe wakati wa mazoezi na kukanda kwa mafuta. Baadaye usiku tu, angalau miezi 6.

binti_pangani: Asanteni sana. Banzi la kununua ni ghali, kuna mbadala?

fizio_tanga: Lipo. Bomba la PVC likipashwa moto hukunjwa kwa umbo la mkono, kazi ya fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) lakini, si ya nyumbani. Kingo zisuguliwe, ndani liwekwe sponji. Mkanda upite juu ya kiungo cha katikati cha kila kidole. Ukikaa chini ya hapo, upande wa kiganja, kidole hujikunja taratibu ndani ya banzi, nanyi kwa nje mnaona kimenyooka.