PSEO, kozi za chuo zinazofundishwa shuleni, au AP: ipi imfae mtoto wa darasa la 11 Minnesota?

MamaWaBrooklynPark
Habari zenu wazazi. Binti anaingia darasa la 11 na anataka uuguzi. Shule imempa njia tatu: PSEO (Postsecondary Enrollment Options, yaani kusoma chuoni akiwa bado sekondari), kozi za chuo anazosomea hapo hapo shuleni, na AP (Advanced Placement). Zote wanasema "krediti za chuo", yaani pointi za kozi zinazohesabiwa kuelekea shahada. Nani analipa, nani anafundisha, na krediti zipi zinapokelewa akihamia chuo kingine?

Mshauri_StPaul
Dada, tazama kwanza darasa ni la nani.

PSEO ni sheria ya jimbo tangu 1985. Mwanafunzi anakwenda chuoni, au anasoma mtandaoni, na anayemfundisha ni mhadhiri wa chuo. Jimbo linakilipa chuo, kwa hiyo karo, ada na vitabu vya lazima ni bure kwake, ila vitabu hurudishwa. Kozi za kujazia mapengo ya sekondari hazilipiwi.

Kozi ya chuo shuleni hufundishwa na mwalimu wa sekondari kwa mtaala wa chuo. Wilaya ya shule na chuo huwekeana makubaliano ya malipo, na mzazi hadaiwi karo.

AP ni kozi ya sekondari yenye mtihani wa Mei, alama 1 hadi 5. Krediti inategemea mtihani huo peke yake. Vyuo vya umma vya mfumo wa Minnesota State vinatakiwa na sheria kutoa krediti kwa alama 3 na kuendelea. Vyuo vya binafsi vinajipangia vyenyewe, na vingine vinataka 4 au 5.

Akichagua PSEO, wilaya ijulishwe ifikapo Mei 30 kwa muhula wa vuli, au Oktoba 30 kwa muhula unaoanza Januari. Hiyo si fomu ya kuomba nafasi chuoni. Chuo kina fomu yake, tarehe zake na masharti yake ya alama, na wengi hukwama kwa kudhani moja inatosha.

MwalimuWaHesabu
Niongeze kuhusu kozi za shuleni, maana hapo ndipo mambo huharibika kimyakimya. Mwalimu lazima aidhinishwe na idara ya chuo. Kipimo kilichozoeleka ni shahada ya uzamili katika somo lenyewe, au uzamili wa fani nyingine pamoja na krediti 18 za uzamili katika somo hilo. Chuo humpangia mhadhiri wa kumsimamia, ambaye hukagua mtaala, mitihani na usahihishaji, na huja darasani. Mwalimu huyo akihama na aliyeletwa hana sifa, kozi inaweza kubaki ya sekondari tu. Uliza mapema: nani ameidhinishwa, na akiondoka mpango ni upi?

Jambo la pili: kukaa darasani si kusajiliwa. Darasa moja laweza kuwa na watoto wenye krediti ya chuo na wasio nayo, kwa sababu hao wasio nayo hawakujaza usajili wa chuo wiki za mwanzo. Baada ya hapo haurekebishiki kirahisi.

Msajili_Chuo
Alama za PSEO na za kozi za shuleni zinaingia kwenye hati ya kudumu ya chuo. Katika mfumo wa Minnesota State, kozi ikiachwa ndani ya siku 5 za kazi za mwanzo wa muhula haiachi alama yoyote. Baada ya hapo, hadi asilimia 80 ya muhula, inaandikwa W, yaani amejiondoa. W haishushi wastani, lakini inahesabika kama kozi iliyojaribiwa, na chuo kinataka amalize takriban asilimia 67 ya alizojaribu na awe na wastani wa 2.0. Mtoto aliyeporomoka akiwa na miaka 16 anaweza kuanza chuo akiwa tayari na kizuizi cha msaada wa fedha wa serikali.

Wazazi wajue pia kwamba, kwa rekodi za chuo, haki za faragha ni za mwanafunzi hata akiwa chini ya miaka 18. Ofisi yetu haitakusomea alama zake kwa simu. Ajaze fomu ya ridhaa mwanzoni mwa muhula.

Kijana_wa_Duluth
Kwa anayetaka chuo cha nje ya jimbo nasimama na AP. Alama 4 au 5 inaeleweka popote Marekani, na aliyefanya vibaya hana F kwenye hati ya chuo.

Msajili_Chuo
Kweli kwa nje ya jimbo. Ndani ya jimbo, uliza kama kozi imo katika Minnesota Transfer Curriculum, ule mpango wa kozi za msingi za kuhamishika, wenye krediti 40 na maeneo 10 ya masomo. Ikiwamo, vyuo vya umma vinapokezana.

Mshauri_StPaul
Hesabu ya kuhitimu nayo inawakosesha watu usingizi. Kisheria, krediti 4 za chuo ni sawa na mwaka mzima wa somo sekondari. Kozi ya krediti 3 kwa kawaida inapewa robo tatu ya mwaka, si mwaka mzima. Jimbo linataka miaka 4 ya Kiingereza na 3.5 ya masomo ya jamii. Mtoto anayejaza ratiba kwa saikolojia na muziki anaweza kufika Mei ya darasa la 12 akiwa na krediti 50 za chuo na bado ana pengo la robo mwaka ya Kiingereza. Ramani ya kuhitimu ichorwe kabla ya kusajili kozi ya kwanza.

MamaWaBrooklynPark
Basi kwa uuguzi achukue anatomia mapema kupitia PSEO?

Mshauri_StPaul
Ningemshauri aanze na uandishi wa chuo, saikolojia na takwimu. Programu nyingi za uuguzi huchagua wanafunzi kwa alama za anatomia na fiziolojia, na baadhi hazikubali krediti za sayansi zilizopita miaka 5. Angoje muhula wa pili, akishazoea mwendo wa chuo, tena aangalie kwanza orodha ya programu anayoilenga. Na akibadili mawazo akataka udaktari, vyuo vya tiba huhesabu kila alama ya chuo, hata ya darasa la 11.