Darubini ya ndege kwa Kahuzi na ziwa: 8x42, 10x42, au ile ya umbo la zamani?

ChoziWaMuhumba

Salamu wandugu wa Bukavu na wa pande zote za Kivu.

Kikundi chetu cha vijana wanaotazama ndege kimechanga pesa. Tumefikisha karibu dola 500 na tunataka darubini mbili za kweli, zitakazokaa miaka. Sasa hivi tunapokezana moja, na anayeipata mwisho anakuta ndege amekwisha kuruka.

Tunatembea sehemu mbili hasa. Asubuhi tunapanda msitu wa Kahuzi-Biega upande wa Tshivanga, juu ya mita 2,000, kwenye ukungu na mvua za ghafla. Jioni tuko ufukweni, kuanzia Muhumba hadi La Botte, kwa ajili ya furukombe, mnandi na mdiria. Mara chache tunateremka bonde la Ruzizi.

Nimebakiza hizi nne: Nikon Action EX 8x40 (yenye mabega mapana, umbo la zamani), Vortex Diamondback HD 8x42, Nikon Monarch M5 8x42, na hiyo hiyo M5 kwa 10x42. Wenzangu wamegawanyika, nusu wanataka 10 kwa sababu inaleta ndege karibu zaidi. Ninyi mnaozitumia mnasemaje?

Mwongozaji_Kahuzi

Kaka, kwa msitu wetu chukua 8, na nitakueleza kwa nini maana hili swali wageni wananiuliza kila mara.

Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ndege aliye mita 40, kwa 8 unamwona kama yuko mita 5, kwa 10 kama yuko mita 4. Tofauti ni mita moja tu. Sasa tazama unachokilipia. Mkono ukitetemeka, 10 inakuza na mtetemo. Nawe umetoka kupanda mlima, moyo unadunda, mikono imelowa, na ndege anakupa sekunde mbili tatu. Picha ikicheza huoni rangi ya koo wala mstari wa jicho, ambavyo ndivyo vinavyokwambia ni ndege gani.

Pili ni mwanga. Namba ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Igawe kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni milimita 5.25, 42 kwa 10 ni 4.2. Huo ndio upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Mchana mweupe ziwani hutaona tofauti, kwa sababu mboni yenyewe imejibana hadi milimita 2 au 3. Lakini chini ya miti saa kumi na mbili asubuhi, mboni inafunguka, na kila milimita inahesabika. Shorobo wa Rwenzori anakaa ndani ya majani akiwa kijani na buluu iliyokolea. Kwenye darubini yenye giza ni kivuli tu. Unamjua pale anapofungua mabawa yale mekundu, na hapo ameshaondoka.

Tatu ni kumpata ndege kwanza. Darubini yenye upana mdogo wa picha inakufanya utafute jani kwa jani. Wageni wengi wenye 10 nawaona wanashusha na kuinua, wanashusha na kuinua, huku mimi namwonyesha ndege kwa kidole.

Mzee_wa_Ruzizi

Namheshimu mwongozaji, kwa msitu amesema kweli. Lakini wandugu, Kivu si msitu peke yake. Njooni huku bondeni, kati ya Kamanyola na Uvira. Ndege wa matopeni wamesimama mbali, hakuna mti wa kujificha ili usogee, na wengi ni kahawia kwa kahawia. Korongo taji hata kwa macho utamtambua. Vile vidogo vinavyokimbia ukingoni mwa maji, hapo 10 inanisaidia kuona urefu wa mdomo na rangi ya miguu. Miezi ambayo ndege wahamiaji wa Ulaya wako kwetu, ndipo ninapoishukuru zaidi.

Mtetemo una dawa. Keti, weka viwiko juu ya magoti, au egemeza darubini kwenye fimbo. Mimi natembea na mti wenye panda juu, naiweka pale, imetulia.

Jambo moja tu niwakubalie wa 8: kuanzia saa nne za mchana, hewa ya joto juu ya tambarare na juu ya ziwa inacheza. Hapo hata 10 haiongezi kitu, inakuza ule mchezo wa hewa tu. Kazi ya bondeni ni ya asubuhi na jioni.

Dogo_Kadutu

Bakubwa, jambo kwenu bote. Mi niko nauliza kitu moja. Kule soko ya Kadutu beko nauzisha jumeli yenye bameandika 20x50, lenzi yake iko nyekundu, dola 30. Ishirini si iko mingi kupita nane? Ju ya nini tusinunue ile, na pesa yenye inabakia tununue kitabu ya ndege?

FundiLenzi_Nyawera

Mdogo wangu, umeuliza vizuri, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu zile darubini zinafika mezani kwangu kila wiki.

Fanya hesabu ya mwongozaji: 50 kwa 20 ni milimita 2.5. Ni giza tayari kabla hatujagusa ubora wa kioo. Ukuzaji wa 20 hauushiki kwa mkono, unahitaji stendi ya miguu mitatu. Na ile rangi nyekundu ya lenzi inarudisha nje sehemu ya mwanga mwekundu ambao ungefika jichoni, kwa hiyo picha inageuka ubaridi wa kijani na buluu. Kwa mtu anayetafuta shingo nyekundu ya chozi, umemnyang'anya kile anachokitafuta. Lenzi nzuri ukiielekeza kwenye taa inaakisi kwa unyonge, kijani au zambarau, na ndani unaona kama shimo jeusi.

Hata namba zenyewe si za kuamini. Nimewahi kupima iliyoandikwa ukuzaji mkubwa, nikakuta haifiki nusu yake.

Kabla hujatoa pesa kwa darubini yoyote, ya Kadutu au ya Kigali, ifanyie haya palepale dukani.

Ishike mbali na uso, kama urefu wa mkono, ielekee mwanga. Kwenye kila kioo cha jicho utaona kiduara cheupe. Kikiwa mviringo kamili na mwanga sawa hadi pembeni, prizimu, yaani vile vioo vya ndani vinavyosimamisha picha wima, ni nzuri, mara nyingi ni kioo kinachoitwa BaK-4. Ukiona kingo zimekatwa, duara limekuwa kama pembe nne, ni prizimu za bei rahisi.

Kisha tazama ukingo wa bati la nyumba ya mbali. Polepole ondoa darubini machoni, sentimita chache. Mstari ukigawanyika, mmoja juu mwingine chini, mirija haiko sambamba. Ubongo utaziunganisha picha kwa nguvu, na baada ya saa moja kichwa kinauma. Watu wanadhani macho yao ni mabovu, kumbe ni darubini. Hii usinunue hata kwa dola 10.

Mwisho tikisa kidogo ukisikiliza. Ikilia kitu ndani, irudishe.

Dogo_Kadutu

Aksanti sana papa fundi. Niliona kweli rangi ya ndani iko kama ya kijani, sikujua ju ya nini.

MamaUtafiti_Lwiro

Nimefurahi kuona vijana wanachanga kwa jambo hili. Naomba niongeze kuhusu zile nne alizotaja ChoziWaMuhumba, maana tumezungumza namba za jumla na bado hatujazilinganisha zenyewe.

Upana wa picha huandikwa kama mita unazoziona, kushoto hadi kulia, kwa umbali wa mita 1,000. Monarch M5 8x42 ina mita 112. Action EX 8x40 ina 143. Diamondback HD 8x42 iko katikati, karibu 130. Zipeleke kwenye mti ulio mita 20 mbele yako: M5 inakuonyesha mita 2 na robo hivi, Action EX karibu mita 3. Ndani ya msitu hiyo ni tawi zima la ziada. Anayeanza kujifunza atampata ndege haraka zaidi na Action EX kuliko na M5, ingawa ni rahisi zaidi kwa bei.

Tena lile umbo la zamani lina faida ambayo matangazo hayaitaji. Prizimu za Porro, zilizopewa hataza mwaka 1854, hazihitaji ile tabaka maalumu ya kusahihisha mwanga ambayo prizimu za mirija iliyonyooka zinaihitaji ili picha iwe kali. Ndiyo maana kwa pesa ndogo, Porro nzuri huishinda yenye umbo jembamba ya bei ileile. Na Action EX imefungwa isiingie maji na kujazwa nitrojeni, jambo ambalo Porro nyingi za bei yake hazina.

Ubaya wake ni mbili. Ina gramu 855, wakati M5 ina 630 na Diamondback 617. Shingo itakwambia unapofika juu, nunueni mikanda ya mabega. Na haioni kitu kilicho karibu zaidi ya mita 5. M5 inashuka hadi mita 2.5, Diamondback hadi mita 1.5. Chozi akija kwenye ua mbele yako, mwenye Action EX itabidi arudi nyuma.

M5 inarudi kwa nguvu kwenye jambo jingine: kioo cha ED, kinachopunguza rangi za uongo kwenye kingo za picha. Ndege akiwa juu kabisa kileleni na nyuma yake anga nyeupe ya ukungu, kioo cha kawaida kinamzungushia utepe wa zambarau. Yule mdogo wa kijani mwenye koo la buluu, *Pseudocalyptomena graueri*, anayeishi Itombwe, Kahuzi-Biega na Bwindi tu, mara nyingi ndivyo unavyompata. Amepewa jina la Rudolf Grauer, Mwaustria huyohuyo ambaye gorila wetu wa mashariki, *Gorilla beringei graueri*, anabeba jina lake. Ningependa kila kijana wa Bukavu amwone mara moja maishani akiwa na rangi zake kamili.

Wenye miwani kama mimi, angalieni umbali wa jicho na kioo. M5 8x42 ina milimita 19.5, naitumia bila kuvua miwani. Chini ya 15, mtaona tundu dogo tu.

Mwongozaji_Kahuzi

Mama ameniongezea. Ningeweka na Monarch M7 8x42, yenye mita 145 na kioo cha ED pia, lakini hiyo itameza pesa yenu yote ya darubini mbili. Zile kubwa za Austria, kama Swarovski NL Pure, zina mita 159 na bei yake inapita dola elfu mbili. Nimezishika kwa wageni. Ni nzuri sana, kweli. Ila ndege yuleyule nimemwonyesha mgeni mwenye NL na mwanafunzi mwenye 8x40 ya kawaida, wote wawili wakamtambua.

Mzee_wa_Ruzizi

Basi kwa kikundi nakubali 8. Siku mtakayoteremka, 10 yangu ipo, tutapokezana.

FundiLenzi_Nyawera

Diamondback ina dhamana ya maisha, na kampuni inaiheshimu. Lakini fikirini gharama ya kutuma kifurushi kutoka Bukavu hadi ng'ambo na kukisubiri. Kwetu hapa dhamana ya kwanza ni matunzo.

Adui ni kuvu. Ukungu wa Kahuzi, kisha mfuko wa ngozi uliofungwa, kisha kabati: baada ya miezi unaona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya lenzi, na zikishaula mpako hakuna wa kuurudisha. Mkirudi kutoka msituni, iacheni darubini wazi kwenye hewa kavu hadi ikauke. Halafu iingie kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika jeli, vile vifuko vinavyonyonya unyevu. Msiweke mchele, vumbi lake linakwaruza.

Vumbi lipulizeni kwanza, kisha brashi laini, kitambaa ni cha mwisho. Shati hapana kabisa.

YayaFuraha_Bagira

Wandugu, mmeeleza kioo vizuri. Mimi nasema juu ya njia.

Darubini huku kwetu si kitu cha kuning'iniza shingoni ukipita mjini. Ibaki ndani ya begi mpaka mfike. Msiielekeze kamwe kwenye daraja la Ruzizi, bandarini, wala mahali penye watu wa silaha, hata kama mwewe ametua pale juu. Kabla ya kukaa ufukweni, mjulisheni chifu wa avenue, na mmoja wenu awe na kitabu cha ndege mkononi. Kinaeleza kabla hamjaulizwa. Msituni mwende na waongozaji wa mbuga tu. Na rangi chagueni nyeusi. Ile ya madoadoa ya kijeshi iacheni dukani, hata ikiwa na punguzo.

ChoziWaMuhumba

Aksanti nyote, tumekaa jana tukasoma kila jibu kwa sauti. Tumekubaliana: Monarch M5 8x42 moja, nyeusi, na Action EX 8x40 moja. M5 itakuwa kwa anayeandika orodha na kwa wenye miwani. Action EX ndiyo wapya watajifunzia, kwa ule upana wake. Kwa bei tunazoziona mtandaoni zote mbili zinaingia ndani ya 500, na kinachobaki ni mikanda ya mabega na maboksi.

Dada yetu mmoja anarudi kutoka Kigali mwisho wa mwezi na atazibeba. Papa fundi, zikifika tunaweza kukuletea uzikague?

FundiLenzi_Nyawera

Zileteni siku ileile, pamoja na maboksi yake na risiti. Mwambieni dada azifanyie ile ya ukingo wa bati akiwa bado dukani. Mimi nikiona picha mbili siifungui, kwa sababu nikigusa skrubu moja duka halitaipokea tena.