Bibi anaona watoto ambao sisi hatuwaoni, shetani au macho?

mjukuu_Konde: Asalaam aleikum. Bibi yangu yuko Konde, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, sasa tokea mwezi uliopita jioni akikaa barazani anasema kuna watoto wanapita uani, wadogo wadogo, wamevaa kofia za viua, hawasemi kitu. Na akili yake nzima, deni la dukani analijua mpaka mia ya mwisho. Mama keshaita mtu wa kisomo, ami anasema popobawa 😂 Miye nauliza, mtu haoni sinia mbele yake, viua vya kofia anaviona vipi?

yakhe_wa_mjini: Waaleikum salaam. Kisomo someni tu hakina ubaya, lakini hii inajulikana, inaitwa sindromu ya Charles Bonnet, mtu wa Geneva huyo, mwaka 1760 aliandika habari za babu yake mwenye mtoto wa jicho alokuwa akiona watu na ndege na majumba na huku anajua hayapo. Jicho linapeleka habari tu, anayeona ni ubongo, kule nyuma kisogoni. Sasa habari zikipungua ubongo haukai kimya, unatoa vya ghalani mwake. Ndo maana viua vimekaa sawa, havipiti kwenye lile jicho bovu.

Ngalawa77: Mmh. Sasa mbona miye naona vizuri na sitoi kitu ghalani?

yakhe_wa_mjini: Unatoa kila siku sheikh 😄 usiku ule mgomba uliodhani mtu kavaa kanzu je? Chukua daftari la mistari, chora msalaba kushoto na nukta kulia, sentimita 8 baina yao, fumba jicho la kushoto, kodolea msalaba, sogeza daftari taratibu. Kwenye sentimita 30 hivi nukta inapotea, pale unapotokea mshipa wa jicho hapaoni kitu. Lakini huoni tundu, unaona mistari imeendelea kama kawaida. Nani kaichora?

Ngalawa77: Lahaula. Imepotea kweli.

dada_Wete: Mpelekeni kwa daktari wa macho, mtoto wa jicho anatolewa. Na akianza kusikia sauti au kuchanganyikiwa msikae nyumbani mkangoja, hiyo nyengine.

mjukuu_Konde: Ahsanteni, nshamsomea bibi yote haya. Kacheka, kasema siku zote alijua si watoto wa kweli, wana adabu kuliko wajukuu zake.