Je, ni kweli kwamba thieta na kwaya ndizo zilizowajenga Waslovenia kuwa taifa?

Mpenda Tamthilia anauliza:

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Nimekuwa nikisoma historia ya mataifa madogo ya Ulaya, na Slovenia imenitatiza. Ni nchi yenye watu wapatao milioni 2, iliyojitangazia uhuru mwaka 1991 baada ya karne nyingi za kuwa chini ya Austria na kisha ndani ya Yugoslavia. Sikukuu yake ya utamaduni, tarehe 8 Februari, ni siku aliyofariki mshairi, France Prešeren, na siku hiyo watu hawaendi kazini. Pale ambapo historia za wengine hutaja wafalme na majemadari, yao hutaja michezo ya kuigiza na nyimbo. Je, sanaa hizo ziliwajenga kweli, au ni hadithi iliyotungwa baadaye na wasomi ili kuipatia nchi changa nasaba?

Nyuma ya Pazia anajibu:

Ndugu Mpenda Tamthilia, mimi naamini ziliwajenga, na sababu yangu ni lugha. Tarehe 28 Desemba 1789, katika thieta ya Ljubljana, mji ambao sasa ni makao makuu ya Slovenia, iliyozoea maigizo ya Kijerumani na ya Kiitaliano, Anton Tomaž Linhart alionyesha *Županova Micka*, mchezo wa kuchekesha ambamo bwana wa tabaka la juu anamlaghai binti wa mkuu wa kijiji, lakini mwisho wake ni yeye anayeumbuka. Kislovenia kilihesabiwa kuwa lugha ya wakulima na watumishi. Kukisikia kikisemwa jukwaani mbele ya watu wa mjini, tena kikimshinda mwinyi kwa maneno, kulikuwa ni hoja tosha, hata kama hakuna aliyehutubia siasa. Mchezo wake uliofuata, *Matiček*, ulichapwa mwaka 1790 lakini ukasubiri hadi 1848, mwaka wa mapinduzi ya Ulaya, ndipo ukaigizwa. Kuanzia miaka ya 1860 vikaenea vyama vya kusoma, ambavyo jioni zake zilichanganya mashairi, kwaya na vichekesho vifupi, na mwaka 1867 kikaundwa Chama cha Tamthilia mjini Ljubljana. Kwa watu wasiokuwa na dola, ukumbi ule ulikuwa mahali pekee ambapo wangeweza kukaa pamoja hadharani wakiwa Waslovenia.

Msomi Mkaidi anajibu:

Nakubaliana nawe kwa sehemu tu. *Županova Micka* ilitoholewa kutoka mchezo wa Kijerumani, na *Matiček* ni mchezo wa Beaumarchais, mwandishi wa tamthilia wa Ufaransa, uliovishwa nguo za Carniola, jimbo la Waslovenia chini ya Austria. Linhart mwenyewe alianza kwa kuandika tanzia kwa Kijerumani. Anton Foerster, aliyetunga *Gorenjski slavček* mwaka 1872, kazi ambayo baadaye aliikuza kuwa opera inayopendwa hadi leo, alizaliwa Bohemia, nchi ya Wacheki. Silengi kuwadharau, nasema tu kwamba hicho kinachoitwa asili kilishonwa kwa vitambaa vya majirani.

Tena wapo wasanii waliolisema jambo hili waziwazi. Bendi ya Laibach, iliyoanzishwa mwaka 1980 katika mji wa machimbo wa Trbovlje, ilijiita kwa jina la Kijerumani la Ljubljana, jina lililowakumbusha wazee ukaliaji wa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kwa miaka kadhaa ikakatazwa kulitumia. Waliwatia watu kioo usoni, wakawauliza utaifa wao umetoka wapi. Hilo nalo ni kazi ya muziki, ingawa si ya kubembeleza.

Sauti ya Nne anajibu:

Ndugu Msomi Mkaidi, hoja yako ya vitambaa naikubali, lakini itazame kutoka Trieste na Gorizia, ambako Waslovenia walijikuta ndani ya Italia baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 13 Julai 1920 Mafashisti waliichoma *Narodni dom* ya Trieste, jumba la jumuiya yao lililokuwa na ukumbi wa thieta ndani. Desemba 1936 walimkamata Lojze Bratuž, kiongozi wa kwaya aliyeendelea kufundisha nyimbo za Kislovenia, wakamnywesha mafuta ya mashine. Alifariki Februari 1937. Mtu hauawi kwa sababu ya hadithi ya wasomi. Waliomuua walijua vizuri kwamba shule za Kislovenia zikishafungwa, kwaya ya kanisani ndiyo shule iliyobaki.

Hata wimbo wao wa taifa una sura ya kwaya. *Zdravljica* ni shairi la Prešeren la mwaka 1844 lililokwaruzana na wadhibiti wa machapisho wa Austria, na muziki wake ulitungwa na padri, Stanko Premrl, mwaka 1905, kwa ajili ya kuimbwa na kwaya. Uliteuliwa mwaka 1989, Yugoslavia ingali hai. Ubeti unaoimbwa unayatakia heri mataifa yote yanayoitamani siku ambayo jirani hatakuwa tena shetani.

Mpenda Tamthilia anajibu:

Nawashukuru wote. Mfano wa Bratuž umenigeuza zaidi kuliko ule wa Linhart. Ila naona hakuna aliyewataja akina Avsenik, bendi ya muziki wa kienyeji kutoka kijiji cha Begunje, ambao tangu mwaka 1953 kodiani yao imechezesha harusi nyingi kuliko opera yoyote, na ambao wasomi waliwakunjia uso kwa muda mrefu. Ndugu Msomi Mkaidi, hao unawaweka upande gani?