Naomba ushauri: ruhusa za watumiaji baada ya kuhamia PostgreSQL 15

Wakuu, habari za kazi. Jana usiku nimehamisha kanzidata ya duka letu la dawa kutoka PostgreSQL 14 kwenda 15, kwa pg_dump (zana ya kunakili kanzidata) ya toleo la zamani. Kwa kuwa pg_dump haibebi watumiaji wala vikundi, nilitanguliza pg_dumpall --globals-only, inayowanakili hao. Wahasibu wanasoma ripoti vizuri. Ila programu ya mauzo ikitaka kuunda jedwali inagoma: "permission denied for schema public".

Najua toleo la 15 liliondoa ruhusa ya kila mtu kuunda vitu kwenye schema ya public, yaani sehemu ya kawaida ya kanzidata inayoweka majedwali. Niirudishe kwa wote, au nitoe GRANT CREATE (amri ya kuruhusu kuunda) kwa kikundi cha mauzo peke yake? Naogopa kufungua mlango mzima, kuna taarifa za wagonjwa mle. Asubuhi tumeandika risiti kwa mkono, foleni hadi barazani.