Nikipunguza huduma, nitakuwa mvivu mbele za Mungu?

Muulizaji:
Bwana asifiwe, wapendwa. Naimba kwaya, nafundisha watoto Jumapili, na Jumamosi natembelea wagonjwa. Juzi nilisinzia nimeushika mkono wa mama mgonjwa, naye ananisimulia habari zake. Niliumia sana. Lakini nikipunguza, si nitakuwa mvivu?

Jibu:
Amina. Soma 1 Wafalme 19. Nabii Eliya aliomba afe. Malaika hakumkemea, alimpa mkate na maji, akala, akalala tena. Kazi ilifuata baadaye.

Jibu:
Na Kutoka 18, Yethro alimwambia mkwewe Musa wazi kwamba akiendelea kuwaamua watu peke yake, atachoka yeye na watu pia. Mimi niliacha kwaya mwaka mzima, nikabaki na wagonjwa tu. Wengine walinuna, na ilinikosesha raha. Ila sasa nikikaa na mgonjwa nakaa kweli, simu nimeizima. Wewe ni huduma ipi ukiikosa moyo unauma?

Muulizaji:
Wagonjwa. Nimejibu hata kabla sijafikiri. Nitaongea na mwalimu wa kwaya, na kwa yule mama nitarudi nikiwa nimelala vizuri.